Maji ya Pikipiki

Mkwe wangu hakuwa akipanda pikipiki mpaka aipime homa. Aliupeleka mgongo wa kiganja chake karibu na injini, bila ya kuigusa, akangoja kidogo, kisha akajigusa shingoni kama anayelinganisha. Ikiwa baridi, alisema, "Haya, bismillahi." Ikiwa na uvuguvugu, kwa sababu nilikuwa nimetoka nayo kwenye karakana, aliniangalia tu, akarudi kukaa barazani mpaka aridhike. Mimi, mtu mzima, seremala mwenye wateja wanaongoja vitanda vyao, nilisimama uani na helmeti mkononi nikingoja ruhusa ya mama wa mke wangu.

Nikizungumza naye nilimwita mama. Nikimsema kwa watu, nilisema mkwe. Jina lake sikulitamka alipokuwa hai, na sioni kwa nini nilianze leo.

Alikaa upande, miguu yote miwili kushoto, buibui amelikusanya magotini, na juu ya mtandio kaongeza kanga kwa ajili ya vumbi. Mkono mmoja alishika chuma cha nyuma, mwingine alikumbatia kikapu chake cha ukindu. Hakunishika mimi, hata tulipopita kwenye mashimo. Njia nzima alisoma dua, na sauti yake ilipanda na kilima. Nilijua tumefika kwenye mteremko kwa sababu alinyamaza. Baina ya dua na dua alinipa habari za nyuma: "Mguu wapata joto." "Naskia kitu kama chungu chatokota." "Punguza, mkwe, punguza." Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kitaa chekundu cha joto pale mbele, na masikio yangu yalikuwa nyuma, kwenye pumzi zake. Nimepanda pikipiki tangu ujana wangu, lakini sijawahi kuendesha kwa roho juu kama nilivyomwendesha yule mama kutoka Wambaa kwenda Chake Chake.

Pumzi zake ndizo zilizotupeleka Chake. Daktari wa kliniki, msichana mpole mwenye miwani, alitueleza kuwa moyo umechoka, hausukumi sawasawa. Maji yanabaki mwilini, yanashuka miguuni, na yakizidi yanapanda kwenye mapafu. Akifika hapo, alisema, ni kama mtu anayezama akiwa kitandani kwake. Alimpa dawa, akamkataza chumvi, na maji akamuwekea kipimo: chupa moja ndogo kwa kutwa, na chai na uji vihesabiwe humo humo. Mke wangu alilibeba neno lile kama amana. Kikombe cha mama kilikuwa mbali, jagi lilikuwa mbali, na yeye ndiye aliyemmiminia. Mkwe hakulalamika hata siku moja, jambo lililopaswa kututia wasiwasi zaidi kuliko lilivyotutia.

Maana hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa na neno lake, "Mie sisemi," na ukilisikia hilo ujue yaja yote. "Mie sisemi, lakini hicho kitanda ulichomtengenezea bwana harusi chalia." "Mie sisemi, lakini shehe leo kasahau rakaa." Alijua nani kaposa, nani kaachwa, nani kapika biriani likamuungulia. Habari za kijiji kizima zilipita kwake. Lakini ya kwake mwenyewe aliyafungia kabatini. Mpaka jirani wa mlango wa pili hakujua kama anaumwa. Akiulizwa anakwenda wapi na kikapu chake, alijibu, "Natembezwa na mkwe wangu," na watu wakanisifu kwa ukarimu. Tulikatazwa mimi na mke wangu kusema kitu. Alisema kuwa mwanamke akijulikana mgonjwa, watu huanza kumtazama kama wanaomuaga.

Mtu atauliza kwa nini asiende kwa gari. Garini alikuwa akitapika. Akishapanda tu, milango ikafungwa na harufu ya petroli ikaingia, alianza kutafuta mfuko, na mara ya mwisho alizimia mapajani mwa mke wangu. Na bodaboda wamejaa, ndio, lakini wote wale kwake ni watoto wa watu. Hakuwa tayari kukaa nyuma ya mwanamme asiye maharimu yake. Wanawe wa kiume wako Unguja. Ikabaki mimi, mkwe, ambaye sheria inaniruhusu kumchukua, na pikipiki yangu, ambayo ilikuwa haina adabu.

Nayo niieleze. Pikipiki nyingi za kwetu hupozwa na upepo tu. Yangu ilikuwa kubwa, kuukuu, niliinunua kwa mtu wa Chake aliyekuwa akihama, na ilipozwa kwa maji kama gari. Maji yanazunguka kwenye injini yakibeba joto, yanakuja kwenye rejeta hapa mbele, yanapigwa na upepo na feni, kisha yanarudi tena. Kijijini waliicheka. Walisema nimenunua ng'ombe, maana lazima anyweshwe. Mkwe peke yake ndiye hakucheka. Aliizunguka, akaitazama rejeta kwa muda, akasema, "Hiki ndicho kifua chake."

Alikuwa mwoga wa pikipiki lakini si mwoga wa kitu kingine chochote nilichokiona. Dada yake aliolewa Kojani, na huko huwezi kufika ila kwa mashua. Siku tulipokwenda kumtazama, bahari ilikuwa imechafuka, na mimi nilikaa chini kabisa nimeshika mbao kwa mikono miwili, nikijutia kila dhambi. Yeye alikaa ukingoni, kautia mkono majini, anazungumza na nahodha juu ya bei ya ngisi. Maji ya chumvi yalimrukia usoni akayapangusa akicheka. Niliporudi nchi kavu, nimeshatapika mara mbili, alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mie sisemi," alisema, "lakini umetapika kama umo garini."

Na alikuwa mkali wa maji. Hili nalikumbuka kwa sababu lilinisumbua baadaye. Msimu mmoja wa karafuu alinitaka nichukue gunia la karafuu mbichi la shamba lake, na kwa kuwa nyuma alikaa yeye, gunia likalazwa mbele, juu ya tangi, likaning'inia mpaka likaiziba rejeta yote. Nilijua haifai. Nilisema, "Mama, upepo hautapita." Akasema, "Utapita pembeni." Mkwe akishasema, mkwe kasema. Nikaondoka, na kabla ya kufika nusu ya njia kitaa chekundu kikawaka, mvuke ukapanda kama wa chungu cha wali. Kwa bahati tulikuwa mbele ya msikiti. Nikachukua chupa tupu nikakimbilia kwenye birika la kutawadhia.

"Weye!" alipiga ukelele kutoka barabarani. "Wendapi na chupa?"

"Nateka maji, mama."

"Hayo ya wakfu! Yamewekwa watu watie udhu. Pikipiki yako yasali?"

Nikarudi na chupa yangu tupu. Tulikaa pale mpaka injini ikapoa yenyewe, gunia tumeliteremsha, jua linatuchoma, na maji yanatiririka birikani tukiyasikia. Mtu aliyekuja kuadhini alituambia kwa dharura tunaweza kuchukua kidogo, naye atayarudisha kwa ndoo kutoka kwake. Mkwe akamjibu kuwa dharura ni ya mtu, si ya chuma. Huyo ndiye mwanamke niliyekuwa nikimjua: hakukubali kuchukua hata kikombe kisicho chake.

Fundi wangu wa Chake aliichunguza siku ile akatoa hukumu. Karafuu kando, alisema, kifuniko cha rejeta kimechoka, mpira wake umekufa, kwa hiyo mvuke unapenya na maji yanapungua kidogo kidogo. Kifuniko cha aina ile hakipatikani Pemba, tukingoje kutoka Unguja. Kwa sasa nitie maji kila asubuhi kwenye kitangi cha pembeni, injini ikiwa baridi. "Baridi kabisa," alisema. "Ukifungua ikiwa na moto itakubabua uso." Na nisitie maji ya visima vya pwani, yana chumvi, yanakula chuma. Nikikosa dawa yenyewe ya rejeta, nitie maji ya mvua.

Nilipoyaeleza haya nyumbani, Mkwe alikuwa barazani akisuka ukili. Hakuinua kichwa. "Hilo la maji niachie miye," alisema. "Miye huamka kabla yenu."

Nani angekataa? Nilifurahi, hata. Nilimwona kama mtu aliyepata kazi, na kwa mgonjwa kazi ni dawa. Alitafuta mtungi wa udongo, akauweka chini ya bati kukinga mvua, kisha akausogeza pembeni mwa mlango wa chumba chake, akaufunika kawa. Huo ukawa mtungi wa maji ya pikipiki na mtu yeyote asiuguse. Kila alfajiri nilisikia kata ikigonga udongo, kisha mlango wa uani, kisha kitu kikifunguliwa na kufungwa. Nilipotoka kwenda kusali aliniambia, "Nishamnywesha ng'ombe wako. Chupa nzima." Na chupa nyingine alijaza akaitia kikapuni kwa safari. Mke wangu alimtania kuwa pikipiki inapendwa kuliko sisi. Ni kweli chumba kile kilinukia ubani, lakini nyumba yetu yote ilinukia ubani.

Kisha pikipiki ikaanza kuchemsha kweli. Si kilimani tu, hata kwenye tambarare. Na miguu ya Mkwe ikaanza kuvimba, kidole kikibonyezwa kinaacha shimo. Yote mawili yalikuja wakati mmoja, na mimi nilihangaikia yote mawili, lakini la pikipiki ndilo nililoweza kulishika kwa mikono, basi nikalishika hilo. Niliiosha rejeta kwa mswaki, nikatoa tope na majani yaliyokuwa yameziba vijitundu vyake. Ikachemsha. Nilimpelekea fundi, akaiunga feni moja kwa moja kwenye betri. Feni ikazunguka vizuri. Akapapasa mipira ya maji yote, hakuna uliopasuka. Akaweka boksi jeupe chini yake, tukangoja tuone tone. Halikudondoka hata moja. Na kila alipofungua kitangi, maji yalikuwa chini. Plastiki ya kitangi kile ilikuwa imegeuka rangi kwa uzee, ukiangalia kwa nje huoni kitu.

"Unatia kiasi gani?" aliuliza.

"Chupa nzima. Kila asubuhi."

Fundi alikaa kitako. "Chupa nzima? Kila siku ya Mungu? Basi si kifuniko tena hicho. Maji yaingia ndani ya injini, yaungua humo humo. Gasketi imekufa."

Lile neno lilinikosesha usingizi. Kufungua injini maana yake ni pikipiki kulala gereji, na kliniki ya Mkwe inakaribia, na kila siku akipanda ngazi ya baraza anasimama katikati kama mtu aliyesahau anakokwenda. Lakini nisipofungua, itanifia njiani naye yuko nyuma yangu. Nilikuwa nikiamka kitandani nikisikiliza, na sikujua nasikiliza nini: chumba cha pili, anavyokohoa, au uani, kana kwamba injini iliyozimwa inaweza kuchemka yenyewe. Nikakata shauri tufungue.

Gasketi ilikuwa nzima. Fundi aliigeuza juani, akaipitisha kidole, akakagua oili akaikuta safi, haikuchanganyika na maji. Alionekana kama mtu aliyetukanwa. Akarudisha kila kitu mahali pake, kisha akaniuliza taratibu, akinitazama machoni.

"Anayetia maji ni nani?"

"Mkwe wangu."

Akafuta mikono kwa tambara. Naye ana mkwe. Akasema, "Kesho tia mwenyewe."

"Siwezi. Ataona simwamini."

"Basi lete hayo uliyonayo tujaze twende."

Nikampa chupa ya safari, ambayo Mkwe alikuwa ameniwekea. Fundi akaizungusha kifuniko, akaipeleka mdomoni mwa rejeta, akasita. Akainusa. Akanywa funda, akanywa tena, akanywa mpaka nusu.

"Yakhe, maji matamu haya!" akawaambia wenzake. "Ya mtungi, baridi, yamefukizwa ubani! Hii pikipiki yaishi raha kuliko mimi."

Gereji nzima ikacheka. Mimi nilikaa juu ya tairi. Mtungi hufukizwa ubani kwa ajili ya mdomo wa mtu. Hapana aliyepata kuufukiza kwa ajili ya rejeta. Nikaielewa ile kata ya alfajiri, na chupa nzima ya kila siku, na miguu. Maji yalikuwa hayaendi kwenye injini. Yalikuwa yakienda pale pale tulipokatazwa, na mtunza mtungi ndiye mgonjwa.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa gasketi. Nilijua sasa ni kitu gani kinachomuua, na nilijua siwezi kukitamka. Mambo mengine mwanamme humwambia mama yake akalia naye yakaisha. Mkwe humwambii. Kumwambia mkwe kuwa anaiba maji ni kama kumwingilia chumbani. Nikamwambie mke wangu? Angemvamia mamake kwa machozi na makelele, na nyumba ingekuwa jela. Nikamwambie daktari? Daktari angemuuliza mbele yangu. Nikafanya afanyacho kila mwoga: nikaanza kutia maji mwenyewe kisirisiri nikiwa karakana, na nyumbani nikawa nazungumza kwa mafumbo. "Mvua haba mwaka huu, mama, tusiumalize mtungi." Akajibu, "Yatanyesha." Usiku mmoja nilithubutu kuumwaga mtungi wote. Asubuhi nikaukuta umejaa, na yeye anatweta kwa safari ya kwenda kuujaza.

Pikipiki nayo ilikuwa imeshadhurika. Kwa kuendeshwa muda mrefu bila maji ya kutosha, sili ya pampu, ule mpira unaozuia maji yasitoke, iliungua, na sasa ikaanza kudondosha kweli. Fundi aliagiza nyingine pamoja na kifuniko, akaniambia nisiende nayo mbali mpaka vifike. Kabla havijafika, Mkwe aliamka hawezi kulala chali. Alikaa kitandani ameegemea mito, anavuta pumzi fupi fupi. Nikasema nakodi gari. Akasema akitapika katika hali ile atakufa, na nilipomtazama nikaona pengine kasema kweli. Mke wangu alikuwa na mtoto wetu mchanga mwenye homa, hawezi kutoka. "Mkwe atanichukua," alisema mama, kana kwamba mimi na pikipiki ni watu wazima wa kutegemewa.

Tukaenda pole pole, kama tunaobeba mayai. Nilikuwa nimeijaza mpaka juu, na akiba ilikuwa ile chupa moja ya kikapuni. Nilihesabu vilima kichwani. Dua zake nyuma yangu zilikatika katika, neno moja, pumzi, neno moja, na safari hii hakuniambia kama mguu wapata joto. Tulipokuwa tunapanda kilima cha mwisho kabla ya barabara kuu, kitaa chekundu kikawaka. Nikazima palepale, nikaisukuma pembeni, karibu na nyumba mbili tatu zilizokaa ukingoni mwa njia. Nikamsaidia kukaa juu ya jiwe. Kivuli kilikuwa chembamba, kinamfunika nusu.

Hapo hakuna la kufanya ila kungoja ipoe. Ukifungua upesi inakubabua. Nilikaa chini na chupa mkononi, na yeye akawa anaitazama chupa. Midomo yake ilikuwa imekauka hata ngozi inabanduka.

"Nipe funda moja, baba," alisema.

Hajawahi kuniomba kitu. Alikuwa akiniamuru tu.

"Mama, haya ya pikipiki."

"Najua ya pikipiki. Nliyatia mie."

"Na ninajua unayanywa, mama," nikasema. Sikuamini kama ni sauti yangu. "Najua tangu siku ile ya gereji."

Alitazama barabara.

"Mwanangu ajua?"

"Hajui."

"Usimwambie." Akavuta pumzi. "Hamjui kiu nyie. Mie hata nikilala naota nakunywa. Naota nimo kisimani, nimeshika ndoo, na kila nikiipeleka mdomoni naamka. Nasali, nikitia udhu nasukutua, maji yamo mdomoni, na nayatema. Nayatema, mkwe! Watu wazima wanipimia maji kama kuku." Machozi yalimtoka, akayapangusa upesi kwa kanga. "Nipe."

"Nikikupa, hatufiki."

"Na ukininyima?"

"Utafika na kiu."

Akageuza uso. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, kwa siri zake na kwa kunifikisha pale mimi niwe wa kumwambia hapana. Nikagusa injini, imepoa. Nikafungua kifuniko kwa kitambaa. Kisha nikamimina maji yote ya ile chupa kwenye rejeta, mbele yake, mpaka tone la mwisho. Harufu ya ubani ilitoka. Yaligugumia yakishuka, na yeye akayasikiliza yote.

Sikujua kama tunatazamwa. Mwanamke mmoja alitoka kwenye nyumba iliyo karibu, kikombe mkononi, na wenzake wawili wakasimama mlangoni.

"Wee mwanamme!" alinijia juu. "Wamimina maji kwenye chuma, na huyu mama wamwacha akatoka ulimi na jua? Huna mama weye?"

Nilifungua mdomo. Niseme nini? Niseme daktari kamkataza, nao waulize ugonjwa gani, na wamtazame vile alivyokuwa hataki kutazamwa? Nikaufumba. Yule mwanamke alinipita kama kigogo, akainama mbele ya Mkwe, akamtia kikombe mikononi. Kilikuwa kikombe cha bati, kimejaa, baridi, kimetoka umande kwa nje. Nami nikajua kuwa sasa sina la kufanya. Kumnyang'anya mkwe wangu maji mbele ya watu ni jambo ambalo hata mimi nisingeliweza, na yeye alilijua hilo vizuri.

Alikishika kwa mikono miwili. Alikileta karibu na uso, akakitazama ndani muda mrefu, mpaka nikaona pumzi yake inayatikisa maji. Kisha akakirudisha.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Mungu akupe. Lakini mie leo nimefunga."

Yule mwanamke akajipiga kifuani. "Kumbe! Na leo Jumatatu, na mie nakutia majaribuni! Nisamehe, mama. Allah aitakabali." Akanigeukia, uso umemlegea. "Nawe nisamehe, kaka. Sikujua."

"Usimseme huyu," Mkwe akamwambia. "Huyu mkwe wangu. Washa, baba, twende."

Ikawaka. Yule mwanamke alirudi ndani na kikombe chake, na nilimsikia akiwaambia wenzake wamwone mama yule, mtu mzima, mnyonge vile, jua hili, na saumu yake kaishikilia. Asubuhi ile ile, kabla hatujatoka, nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akinywa chai.